Lami ikipolea kwa jam, shimo lishaanza

Watu wakisikia teknolojia ya barabara wanafikiria kamera za spidi tu, na mimi sizikatai, lakini hii kazi yangu ya data za ujenzi imenionyesha kuna ajali zinaanza kupikwa siku ile lami inamwagwa, kabla hata gari la kwanza halijapita.

Lami ya moto inatoka mtamboni na kama digrii 150 hivi. Rola lazima zimalize kuishindilia kabla haijashuka karibu digrii 80, chini ya hapo urudie mara ngapi haishikani, inabaki na nafasi ndani. Sasa lori limetoka upande wa Mariakani, likifika Changamwe hapa Mombasa limekwama nyuma ya matrela ya bandari, turubai limefunika nusu. Mzigo juu umeshafanya ganda, ukichoma kipimajoto hapo na ukichoma katikati ni namba mbili tofauti kabisa. Ukiumwaga hivyo hivyo barabara itaonekana safi, nyeusi inang'aa, mpaka masika ije, maji yaingie kwa zile nafasi, matairi yapige, shimo hilo. Halafu mtu wa boda boda analikwepa usiku anaingia mbele ya matatu.

Na dawa yake jamani si ghali! Lori liwe na GPS, saa ya kutoka na kufika zijirekodi zenyewe, fundi apime joto kabla ya kumwaga, aingize kwa simu na picha na mahali hasa mzigo umelazwa. Lori likichelewa ofisi inaliona likiwa bado njiani, mhandisi analikataa mapema. Kitabu cha saiti kinalowa, kinapotea, ukiuliza mwaka ujao mita hizi zililazwa mzigo gani hakuna wa kukujibu.

Hizo data zikiwekwa kwa ramani, ramani hiyo hiyo ndiyo ya kuwekea ajali. Ikiandikwa "karibu na stage ya Bombolulu" hainisaidii, lakini nikipata namba za GPS na saa naona kama za usiku zimejazana pale taa zimekufa ama pale maji yanatuama, hapo najua niite fundi wa taa ama wa mtaro.

Barabara kuu ziko kwa mamlaka ya KeNHA, za mjini kwa mamlaka ya KURA, nyingine za kaunti, rekodi za ajali kwa polisi, kwa hivyo ninachokiomba kwenye mikataba mipya ni kipengele kimoja: data za saiti zikabidhiwe pamoja na barabara yenyewe, kwa faili ambazo wote hawa wanaweza kuzifungua.