Kutenganisha kifaa na laini ya simu

Kutenganisha, kwa fundi wa simu, ni kuacha sauti ivuke kati ya kifaa na laini huku umeme ukibaki kila mmoja upande wake. Hakuna waya unaogusa pande zote mbili. Anayejitengenezea mashine ya kurekodi mazungumzo au kengele ya wezi inayopiga simu yenyewe, awe Kadutu au Ibanda hapa Bukavu, aanze hapo.

Laini ya simu ya mezani ina umeme wake. Simu ikiwa imetulia, kati ya nyaya mbili kuna takriban volti 48 kutoka kwenye betri za santrali, yaani mtambo unaounganisha laini za simu. Ikilia, unaongezeka umeme geu wa volti 75 hadi 90. Huo unatosha kumshtua mtu na kuunguza sakiti ndogo. Ila hatari kubwa zaidi inatoka nyumbani kwako. Kifaa kinakula umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, volti 220, mara nyingi kupitia adapta ya bei rahisi. Adapta ikiharibika ndani, volti hizo zinaingia kwenye laini na kumfikia fundi aliye juu ya nguzo, ambaye hata hajui kama kifaa chako kipo. Kanuni za kutenganisha zinamlinda yeye kwanza, na ndivyo inavyopaswa.

Kinachotenganisha ni transfoma ndogo ya sauti, omu 600 kila upande, iliyopimwa kustahimili volti 1,500 au zaidi. Ile iliyong'olewa kwenye redio mbovu haifai, hata kama sauti inapita vizuri. Mlio wa simu hupokelewa kwa optokapla, inayopitisha habari kwa mwanga. Kifaa kisivute mkondo wakati simu imetulia, la sivyo santrali itadhani kuna mtu ameinua mkono wa simu, na kila anayepiga atakuta laini ina shughuli.

Kwetu kuna radi pia. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliitaja Kabare, jirani wa Bukavu, kuwa ya kwanza Afrika: zaidi ya miale 200 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Transfoma peke yake haihimili hiyo. Weka kikinga radi cha gesi chenye waya mzuri wa ardhini, na mawingu yakikusanyika chomoa kabisa.

Marekani, kampuni ya simu ilikataza vifaa vya watu wengine hadi uamuzi wa Carterfone wa mwaka 1968. Carterfone kilikuwa kifaa kilichounganisha redio na simu bila waya wowote kugusa laini: mkono wa simu uliwekwa juu yake tu. Baadaye zikaja kanuni za kupima na kusajili vifaa.

Kongo, mawasiliano yanaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na kifaa cha kuunganishwa na mtandao wa umma kinahitaji idhini ya mamlaka ya udhibiti, ile inayoitwa homologasio. Kwenye santrali ya ndani ya hoteli au parokia, omba kwanza ruhusa ya mwenye santrali, na uangalie kama santrali hiyo imeunganishwa na laini ya nje.