Wasiwasi kwenye kiti cha dialisisi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayesafishwa damu hospitalini (ndiyo dialisisi) kwa sababu figo zimeshindwa kazi kwa kawaida huunganishwa na mashine mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Walio nje humhesabia hizo saa 12 tu, wakadhani zilizobaki ni zake. Kumbe hata akiwa kitandani kwake anawaza maji aliyokunywa, mkono wenye fistula (mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine), na kesho itakuwaje. Na kila mtu ana lake la kumwambia.

“Ana wasiwasi kwa sababu hajaukubali ugonjwa.”

Mtu anaweza kuukubali ugonjwa na bado akaiogopa sindano. Na sindano zenyewe ni mbili, nene, kila anapokuja. Presha inaweza kushuka ghafla, misuli ya mguu ikakaza hadi akapiga kelele. Halafu kuna kengele. Mashine inalia, nesi anakuja, anaunyoosha mkono uliokunjwa au mrija uliopinda, anabonyeza kitufe, anaondoka. Kwake ni kazi ya nusu dakika. Mgonjwa, ambaye damu yake ndiyo inayopita mle ndani, anabaki ametoa macho. Angeambiwa tu, “Imelia kwa sababu umekunja mkono,” safari ijayo angejua la kufanya. “Usijali” haimsaidii kitu.

“Moyo kwenda mbio na pumzi kubana ni hofu tu.”

Hii ndiyo ya hatari. Maji yakizidi mwilini, pumzi hubana, hasa mtu akilala chali. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikipanda, mapigo ya moyo huvurugika, na wakati mwingine haitoi dalili mapema. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na moyo kudunda. Dalili hizi zikija, hasa baada ya zile siku mbili mfululizo za kila wiki zisizo na dialisisi, ni za kupelekwa hospitali haraka, si za kutulizwa kwa maneno. Ni baada ya vipimo ndipo wasiwasi utajwe. Na ukishatajwa utibiwe, usipuuzwe.

“Maisha yake yako mikononi mwa mashine, yeye hana la kufanya.”

Mwaka 1978 Wallston na wenzake walichapisha vipimo vya imani za watu juu ya nani anayeshika usukani wa afya yao: mimi mwenyewe, watu wenye uwezo kama madaktari, au bahati. Tafiti kwa wagonjwa wa dialisisi mara nyingi zimeona kwamba wanaoamini matendo yao yana uzito huwa na wasiwasi mdogo kuliko wanaoachia bahati. Hilo halithibitishi kipi kilitangulia. Huenda hofu ndiyo inayomnyang'anya mtu usukani.

Hata hivyo, yapo yaliyo mikononi mwake. La kwanza ni chumvi, kwa sababu kiu hufuata chumvi, na kumkataza mtu maji huku anakula chakula chenye chumvi nyingi ni kumtesa bure. Kuna kujipima uzito, kujua uzito wake mkavu (uzito wake maji ya ziada yakishatolewa) na kuuliza leo yanatolewa maji kiasi gani. Kuna kuigusa fistula kila siku kuona kama bado inatetema, na kukataa mkono huo usipimwe presha. Baadhi hufundishwa kujichoma sindano wenyewe. Wengine huhamia dialisisi ya tumboni, inayofanyika nyumbani.

“Basi akijitahidi, kila kitu kitakaa sawa.”

Naiona hii kuwa ya kikatili kuliko zote, kwa kuwa husemwa kwa upendo. Fistula huziba hata kwa mtu mwangalifu. Majibu ya damu hupanda hata kwa aliyefuata masharti. Aliyeambiwa kila kitu kinamtegemea yeye atajilaumu kwa asiyoyaweza. Kumwachia nesi mzoefu achague pa kuchoma si udhaifu.

“Mgonjwa wa figo haruhusiwi dawa za wasiwasi.”

Zipo zinazotumika, kwa uangalizi na dozi inayomfaa. Asijinunulie, wala asitumie mitishamba bila kumwambia daktari. Tiba ya mazungumzo nayo ipo, na imewahi kutolewa mgonjwa akiwa palepale kwenye kiti.

“Akiruka mara moja apumzishe akili, si neno.”

Nafuu yake ni ya usiku mmoja. Maji yanaendelea kujaa, na safari inayofuata mashine inalazimika kutoa mengi zaidi kwa saa zilezile. Hapo ndipo presha inaposhuka na misuli kukaza, na hofu aliyoikimbia inapata ushahidi. Kama anahisi hawezi, aseme kabla hajaunganishwa: maji yanaweza kutolewa polepole kwa kuongeza muda, na ngozi ikapakwa dawa ya ganzi kabla ya sindano.