Kwa nini mapipa ya rangi hayatoshi kupunguza taka?

Je, wajua kwamba mji unaweza kugawa mapipa ya rangi tatu ya kutenganishia taka kwa kila kaya, na bado taka zote zikaishia dampo moja? Lawama huwaangukia wananchi: hawana elimu, ni wavivu, hawajali. Maelezo hayo ni mepesi mno.

Tuanze na pesa. Pale ambapo kila kaya hulipa ada ile ile, anayejaza mfuko mmoja humbebea gharama anayejaza kumi. Korea Kusini iliivunja hesabu hiyo mwaka 1995. Taka za kawaida zikawa hazizolewi mpaka ziwe kwenye mifuko maalumu ya kununua, na bei ya mfuko ikabeba sehemu ya gharama za uzoaji. Karatasi, chupa na makopo yaliyotenganishwa yakachukuliwa bure. Kutenganisha kukawa ni kuokoa pesa. Mwaka 2005 ikapigwa marufuku kufukia mabaki ya chakula dampo, kisha kuanzia 2013 yakaanza kulipiwa kwa kadiri yanavyotupwa, hata kwa mizani. Siku hizi zaidi ya asilimia 90 ya mabaki hayo hugeuzwa chakula cha mifugo, mboji au gesi.

Bei peke yake, hata hivyo, huzaa ujanja. Asiyetaka kununua mfuko hutupa mtaroni usiku. Kinachomzuia zaidi ya faini ni macho ya majirani. Watu hutenganisha wakiona wenzao wanatenganisha. Wakiona gari la taka linakuja kuchanganya tena kila kitu, huacha, na sidhani kama kuna semina ya kuwarudisha.

Gari hilo nalo lina mkataba nyuma yake. Kampuni inayolipwa kwa kila tani inayofikisha dampo haina sababu ya kutamani taka zipungue. Ujerumani ilijaribu njia nyingine: kanuni ya mwaka 1991 iliwabebesha watengenezaji na wauzaji wajibu wa kukusanya na kurejeleza vifungashio vyao, yaani kuvigeuza malighafi tena.

Halafu lazima awepo mnunuzi wa vitu vilivyotenganishwa. Mwaka 2018 China ilizuia aina nyingi za plastiki na karatasi chakavu kutoka nje. Marekani ilikuwa imezoea kumuuzia mteja huyo, na baadhi ya miji yake ikasitisha urejelezaji. Philadelphia, kwa muda, ilipeleka karibu nusu ya vitu vilivyotenganishwa kwenye matanuri ya kuchomea taka, ilhali wakazi wake walikuwa wakitenganisha kama kawaida.