Kura tatu: kwa nini mpiga kura wa Tanganyika alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa mpigo?

Je, wajua kwamba aliyekwenda kupiga kura Tanganyika mwaka 1958 hakuruhusiwa kumchagua mgombea mmoja tu? Alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimruka hata mmoja, kura yake yote imeharibika. Watu wakauita mpango huo kura tatu.

Asili yake ni siasa ya Gavana Edward Twining. Mwaka 1955 viti 30 vya wajumbe wasio maofisa wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa rangi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Serikali iliuita mgawanyo huo usawa. Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakutimia laki moja, na Wazungu walikuwa kama elfu 20 tu. Piga hesabu: kiti kimoja cha Mzungu kilisimama kwa watu elfu mbili hivi, cha Mwafrika kwa watu zaidi ya laki nane.

Hilo la rangi twalikumbuka. Linalosahaulika, na ndilo linaloniuma zaidi, ni kizuizi cha kipato. Ili uandikishwe, ulitakiwa uwe na umri wa miaka 21, kisha uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani 250 kila mwezi.

Sasa mchukue mkata mkonge wa Tanga. Mkononi ana kadi yake, kipande, yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Akimaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo, anatiwa alama. Asipomaliza, siku imepotea. Mshahara hadi kipande kijae. Hata angejaza vipande 12 kwa mwaka bila kuugua siku moja, shilingi 3,000 asingezikaribia. Sheria haikumtaja popote, wala haikumkataza kwa rangi yake, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Vivyo hivyo kwa wengi wa wanawake waliojaza mikutano ya Bibi Titi Mohamed, ambao hawakuwa na mshahara wala cheti cha shule.

Ndiyo maana wanachama wengi wa TANU, chama kilichodai uhuru, walitaka kuususia uchaguzi. Mkutano wao wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa mkali. Julius Nyerere alisimama upande wa kushiriki, na hoja yake ikapita. Uamuzi huo hadi leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda African National Congress. Si haki kumdharau. TANU yenyewe wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, na sasa ilikuwa inawaomba watu wake wampigie kura Mzungu.

Lakini mtego ulikuwa na kasoro. Kwa kuwa kila mpiga kura alichagua watu watatu, mgombea Mzungu hakuweza kushinda kwa kura za Wazungu wenzake. Walikuwa wachache mno. Aliwahitaji Waafrika, hata hao wachache waliovuka kizuizi. Kwa hiyo TANU ikaunga mkono watu wake katika viti vyote vitatu, wakiwemo Mzungu Derek Bryceson na Waasia Amir Jamal na Sophia Mustafa. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za gavana, kilianguka vibaya na baadaye kikavunjika. Bryceson alishinda tena mwaka 1965, safari hii Dar es Salaam, dhidi ya Mwafrika, wakati hakuna tena kiti kilichotengwa kwa rangi.

Kizuizi cha kipato kilichukua muda kidogo zaidi. Mwaka 1960 kilipunguzwa. Novemba 1962, Nyerere na Mtemvu waliposhindania urais, kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Waliojiandikisha kwa kura tatu walikuwa takriban elfu 60. Safari hii zilipigwa kura zaidi ya milioni 1.1, na mkata mkonge hakuulizwa tena anapata shilingi ngapi.