Sinza na Manzese: hela ya serikali ikiwahi na ikichelewa

Mimi ni mtu wa mipango miji, nafanya kazi kwenye taasisi ya umma, na kila nikikaa kwenye mkutano wa mtaa hapa Dar swali linalorudi ni lile lile: serikali imejenga flaiova, imeleta mwendokasi, treni ya umeme inaenda Dodoma, sasa huku kwetu mbona hata greda halijawahi kupita? Ni swali la haki kabisa, kodi tunalipa wote. Ila jibu la "bajeti haitoshi" ambalo wengi mnapewa ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba mara nyingi hela ikifika mtaani inakuta hamna pa kupita, na hilo ndo nataka tuliongee leo, kwa sababu linagusa nyumba yako, mfuko wako na hata choo chako.

Chukua Sinza na Manzese. Ni majirani, zote ziko Manispaa ya Ubungo, kutoka moja kwenda nyingine ni mwendo wa mguu tu. Sinza ukimuelekeza mtu anafika na gari mpaka getini, mitaa imenyooka, nyumba moja na nyingine kuna barabara katikati. Manzese ukiacha zile barabara kubwa, ndani huko ni vichochoro, kuna sehemu watu wawili mkikutana mmoja anasubiri kwanza mwenzake apite. Watu wengi wanadhani tofauti ni kwamba Sinza walihamia wenye hela, kumbe mambo yalianza nyuma sana na wenye hela walikuja baadaye kwa sababu pameshapangwa.

Miaka ya 60 baada ya uhuru sera ilikuwa kubomoa nyumba duni na Shirika la Nyumba la Taifa, lile lililoanzishwa 1962, linajenga mpya. Ikaonekana haiwezekani, nyumba moja ikijengwa mjini wameshaingia watu wa nyumba kumi, na zile zilizobomolewa zilikuwa zinakaa watu. Mwaka 1972 serikali ikabadilisha msimamo, ikasema tuache kubomoa, tufanye mambo mawili kwa pamoja: maeneo mapya tupime viwanja, tuchonge barabara, tuweke mitaro na maji, alafu mwananchi ajenge mwenyewe kwa uwezo wake, na yale ambayo watu wameshajenga tuyaboreshe hivyo hivyo yalivyo. Mradi ukaanza miaka ya 70 kwa hela ya serikali na mkopo wa Benki ya Dunia, na mwananchi aliyetaka kukopa ya ujenzi alikuwepo Benki ya Nyumba ya wakati huo. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikaingia kwenye fungu la viwanja vipya, Manzese ikaingia kwenye fungu la kuboreshwa, baadaye Tabata na Mbagala zikapata viwanja, Mtoni na Tandika zikaboreshwa. Na haikuwa Dar peke yake, ilikuwa miji 7, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa nazo zimo.

Sasa watafiti wa uchumi walikuja kuyafuatilia maeneo hayo yote miaka zaidi ya 30 baadaye, wakatumia picha za setilaiti na takwimu za nyumba, wakalinganisha na maeneo jirani ambayo hayakuguswa. Walichokikuta kila mtu anayehusika na ardhi nchi hii anatakiwa akijue. Kule ambako viwanja vilipimwa kabla ya watu kujenga, nyumba ni kubwa na nzuri zaidi, zimepangika, na bei ya ardhi iko juu mpaka leo. Kule kulikoboreshwa baada ya watu kujenga, tofauti na jirani zao ambao hawakupata kitu karibu haionekani. Maji yalifika ndio, barabara kadhaa zilipita, lakini miaka ilivyoenda nafasi zilizobaki zikajazwa vyumba vya kupangisha, mitaro ikajengewa juu, na ile faida ikamezwa.

Naomba nieleweke hapa, sisemi Manzese isingesaidiwa, ilistahili kusaidiwa na inastahili mpaka leo. Nachosema ni kwamba shilingi ile ile ya serikali ikiwahi inazaa mara nyingi, ikichelewa inaishia kulipia uchelewaji.

Na uchelewaji una bei, ngoja nioneshe inavyokuwa. Tuseme halmashauri imepata hela ya barabara ya lami ya mtaa kwenye eneo lililoshajaa. Mhandisi anapita na wapimaji, wanakuta njia ina upana wa mita 4, mahali pengine 3, na ili lami ipite na mtaro wake pembeni inabidi nyumba kadhaa ziguswe, huyu ukuta, yule chumba cha mbele, mwingine fremu ya duka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na fidia sio tofali tu. Kuna thamani ya ardhi, thamani ya jengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi ambayo inapigwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Ni haki ya mwananchi na mimi nitaitetea siku zote, usikubali kuondolewa bila hiyo. Ila piga hesabu mwenyewe nyumba 40 mradi ukiwa ni wa kilomita moja na nusu, utaona kwa nini mradi uliotangazwa kilomita 5 unamalizika na kilomita 3, au kwa nini mthamini alikuja akaweka alama ya rangi ukutani kwako, miaka ikapita na wewe unaogopa hata kupiga plasta.

Alafu kuna gharama ambayo haiandikwi popote. Moto ukiwaka ndani ya vichochoro gari la zimamoto linaishia barabarani, watu wanahangaika na ndoo. Mama mjamzito usiku anabebwa kwenye kiti mpaka kunakopatikana bajaji. Na choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka halifiki, kwa hiyo watu wanasubiri mvua wanatapisha, yaani wanatoboa shimo uchafu uondoke na maji ya mvua. Wote tunajua inafanyika na tunajua kipindupindu kinapotokea. Ukimlaumu aliyetapisha hujatatua kitu kwa sababu hana njia nyingine, gari lina upana wa mita 2 na nusu na kichochoro kina mita moja.

Ngoja niguse na nyumba zenyewe maana wengi mnauliza kwa nini serikali isijenge tu maghorofa kila mahali kama Magomeni Kota. Pale kaya 644 zilizokuwa zinakaa zile kota za zamani ziliondolewa, zikakaa muda mrefu zinasubiri, ujenzi ukaanza wakati wa Rais Magufuli na Rais Samia akazindua Machi 2022. Ni kazi nzuri na wale wakazi walikuwa wameahidiwa, walistahili. Gharama ilikuwa kama bilioni 52, kwa hiyo kila nyumba moja inakuja karibu milioni 80. Sasa linganisha: mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilitoa bilioni 50 kama mkopo usio na riba kwa halmashauri ili zipange, zipime na kumilikisha viwanja, ile KKK mnayoisikia, alafu halmashauri zikiuza viwanja zinarudisha na wengine wanakopa. Kiasi kinakaribiana, huku imepata makazi familia 644 na huku viwanja vinapimwa mikoa tofauti na hela inatakiwa izunguke. Dar ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 na sehemu kubwa yao wanakaa kwenye makazi yasiyopangwa, kwa nyumba za milioni 80 hatufiki. Maghorofa yawepo kwa mahali maalum, ila kazi kubwa ya serikali kwenye makazi ni kutangulia na ramani, barabara na maji, nyumba Watanzania wanajua kujenga wenyewe, wanajenga tofali kwa tofali miaka kumi na wanamaliza.

Kutangulia nako lazima kuwe kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa viwanja 20,000 hapa Dar, Bunju, Mbweni, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati na kwingine. Viwanja vilipimwa vizuri, barabara zikachongwa, lakini maji na umeme na lami vikachelewa miaka na miaka, watu wakanunua wakaacha majani yaote wakisubiri bei ipande. Wenye kipato cha chini wakati huo huo walikuwa wanaenda kununua kwa wenye mashamba, kule ni nafuu na unalipa kidogo kidogo. Kwa hiyo kupima bila huduma, na kwa bei ambayo muuza genge hawezi, kunamsukuma yule yule tuliyetaka kumsaidia arudi kwa dalali.

Na kwa dalali ndo mji unapotengenezwa sasa hivi ninavyoandika. Nenda Chanika, Kivule, Msongola, pembeni za Goba, utakuta shamba la heka 2 linakatwa miguu 20 kwa 20, yaani hatua za mtu akitembea, mwenye shamba anataka kila mguu ulipiwe, barabara inaachwa ya mita 3 au haiachwi kabisa, mnaambiwa "mtaachiana mbele ya safari". Mnaandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, biashara imeisha. Ile dakika, kabla hata msingi haujachimbwa, ndo mmeamua kama miaka 20 ijayo mtaa wenu utakuwa Sinza au utakuwa Manzese, na serikali haikuwepo hapo, alikuwepo mwenyekiti, dalali na nyinyi. Mnunuzi akidai barabara ya mita 6 pale pale na majirani zake wakadai hivyo hivyo, muuzaji atakubali maana anataka hela. Kila mmoja anapoteza kipande kidogo ila baadaye hakuna atakayebomolewa wala nyumba itakayohitaji kulipiwa fidia.

Mitaa iliyokwisha kujengwa ina urasimishaji, ambapo mchoro unatengenezwa kufuata nyumba zilivyo, mnakubaliana njia zipite wapi, viwanja vinapimwa na watu wanapata hati. Unafanya kazi lakini una shida zake, kuna mitaa watu wamechanga hela kampuni ya upimaji ikaweka bikoni chache, zile alama za mipaka, ikapotea, na kuna mitaa ambayo mtu mmoja aliyejenga ukuta kwenye njia amekwamisha watu 200. Hela msiitoe mkononi, iende akaunti ya kamati kwa mkataba ambao halmashauri inaujua, na malipo yafuate hatua ya kazi. Miradi mikubwa ya kuboresha miundombinu ya miji kama DMDP hapa Dar, ambayo imepita maeneo kama Tandale na Kiwalani na imejenga kingo za Mto Ng'ombe, au TACTIC inayogusa miji 45 nchi nzima, inakuwa rahisi zaidi kuleta lami mahali ambapo njia zipo kwenye mchoro ulioidhinishwa kuliko mahali ambapo kila kona ni ugomvi.

Kuhusu hela ya kila siku ya mtaa, wengi hawajui kwamba wanailipa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, kwa hiyo hata ukipanda bodaboda umechangia. Ukinunua umeme wa LUKU unakatwa kodi ya majengo, toka 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Una haki ya kuuliza barabara yenu ipo kwenye orodha ya TARURA au haipo, maana isiyosajiliwa haipangiwi matengenezo, ni rahisi hivyo. Na muulize mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai ila vipaumbele vya halmashauri vinakusanywa miezi mingi kabla, mtu anayekuja na malalamiko mwezi wa tano anakuta kitabu kimeshafungwa.

Mtaro nao msiuchukulie poa. Barabara ya lami bila mtaro inakufa masika mbili tu, maji yanakaa pembeni, yanaingia chini, lami inabanduka. Hanna Nassif pale Kinondoni miaka ya 90 walikuwa wanaogelea kila mvua, wakazi wakajiunga kwenye chama chao, wakapewa mkataba na kufundishwa, Shirika la Kazi Duniani likiwemo, wakachimba na kujenga mitaro kwa mikono yao na wakalipwa. Mafuriko yakapungua sana na kodi za vyumba zikapanda, ambapo kwa mwenye nyumba ni furaha ila mpangaji alisikia maumivu, na hilo mipango yetu mpaka leo hailijibu vizuri, tunamhesabu mwenye nyumba tu kwenye vikao wakati nusu ya mtaa ni wapangaji na wao ndo wanaokaa chumba cha pembeni ya mtaro.

Kwa hiyo kama unakaribia kununua, kabla hujatoa hata advansi nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize eneo hilo lina mchoro wa mipango miji au halina, na kama linao limepangiwa nini, kuna watu wamejenga kwenye eneo la shule bila kujua. Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, mchoro unatakiwa ubandikwe na ujadiliwe na wakazi kabla haujaenda kuidhinishwa, nendeni mkautazame kwa macho, tafuta nyumba yako, fuata kwa kidole njia ya kutoka kwako mpaka barabara kubwa uone kama gari la majitaka litafika, na kama halifiki sema siku hiyo hiyo iandikwe kwenye muhtasari, mpangaji na wewe nenda.