Huhitaji Kuwa Msomi wa Historia Ili Kuifurahia Fantasia ya Kihistoria

Katika kazi yangu ya ukutubi, msomaji anayerudisha riwaya ya fantasia ya kihistoria, yaani hadithi inayochanganya uchawi na matukio ya kweli ya kale, baada ya kurasa chache tu hunipa karibu kila mara sababu moja: kwamba haijui historia ya nchi inayosimuliwa, na kwa hiyo hawezi kutenganisha yaliyotokea na yaliyobuniwa. Dhana hii inanikera kwa sababu inamnyima mtu raha ileile aliyoifuata kitabuni.

Ukweli ni kwamba mwandishi stadi humpa msomaji kila anachokihitaji kadiri hadithi inavyosonga. Katika Jonathan Strange & Mr Norrell, riwaya ya Susanna Clarke iliyotoka mwaka 2004, wachawi wawili wanaishi katika Uingereza ya enzi za vita dhidi ya Napoleon, mtawala wa Ufaransa, na mmoja wao anatumwa vitani kumsaidia Wellington, jemadari wa Uingereza, ambako anatandaza barabara za kichawi zinazotoweka jeshi likishapita. Hata asiyejua lolote kuhusu vita hivyo anaelewa mara moja taabu ya kukokota mizinga katika njia mbovu, na taabu hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha hadithi inafika kwenye pigano la Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, na pamoja na uchawi wote unaofanyika, Napoleon anashindwa kama alivyoshindwa katika historia. Anayeyajua matokeo husoma akitaka kuona uchawi utapenyaje katika jambo lililokwisha kuamuliwa, ilhali asiyeyajua husoma kwa hofu halisi. Sioni ni yupi kati yao aliyepunjwa.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji waiweke simu mbali. Tanbihi za riwaya hiyo zinataja vitabu vya uchawi ambavyo havikuwahi kuandikwa, tena kwa lugha ya kitaaluma kabisa, na anayesimama kuhakiki kila kimoja anaua mwendo wa hadithi. Maliza kwanza, ndipo uazime kitabu cha historia. Utakuta humo kwamba Mfalme George III wa Uingereza aliugua akili kweli, na utakumbuka kwamba riwayani ni wazimu huohuo unaomwezesha kumwona kiumbe ambaye mchawi aliye naye chumbani hamwoni. Ukurasa huo utakurudia ukiwa na uzito mwingine.

Wapo wanaodai kwamba riwaya hizi hupotosha historia. Hakuna anayefunga kitabu hicho akiamini kwamba Wellington alikuwa na mchawi jeshini. Mimi nina wasiwasi zaidi na riwaya ya kihistoria isiyo na uchawi, kwa kuwa ubunifu wake haujitangazi.

Kwa anayesema kwamba ni vitabu vya watoto, sina la kujibu zaidi ya kumkabidhi kurasa zinazokaribia 800 za nathari ya taratibu ya Clarke.

Dhana ya mwisho ni kwamba utanzu huu ni mgeni kwetu. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unamhusu shujaa ambaye wengi wa pwani ya Lamu wanashikilia kwamba aliishi kweli, lakini mwili wake haudhuriki ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Wanaousoma hawadai kwanza kuonyeshwa mwaka aliozaliwa; wanataka kujua kama mwanawe, aliyetumwa kumuua, atathubutu.