Si lazima uwe kipanga wa hesabu ili uandike programu

Hapa Dodoma, kijana akipata D ya hesabu kidato cha nne, nyumbani huambiwa asahau habari za kompyuta. Eti kuandika programu ni kazi ya vipanga wa hesabu. Si kweli.

Chukua programu ndogo ya kujumlisha kilo za zabibu za wakulima wa Hombolo. Karani anaingiza 40, kisha 25, programu inajibu 4025. Kujumlisha anakujua hata mtoto wa shule ya msingi. Tatizo ni kwamba Python, lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika programu hiyo, imezipokea tarakimu zile kama maandishi, ikaziunganisha. Ukizigeuza kwanza kuwa namba kwa amri ya int(), unapata 65. Siku ya mhandisi wa programu hujaa mambo ya namna hiyo: kusoma ujumbe wa kosa neno kwa neno, kufuatilia data ilikotokea, kumuuliza karani huandikaje kilo zenye nusu. Kwa maoni yangu, wasiopenda kuuliza watu ndio hutaabika zaidi.

Guido van Rossum, aliyeanza Python kama burudani ya likizo ya Krismasi mwaka 1989, alisomea hesabu, sawa. Lakini Larry Wall, mtunzi wa lugha ya Perl ya mwaka 1987, alisomea isimu, yaani taaluma ya lugha za binadamu.

Hesabu nzito ipo kwenye usimbaji fiche (kuficha data ili wengine wasiisome), michoro ya gemu na akili mnemba. Vyuo navyo vina masharti yao ya udahili, na alama ya hesabu inaweza kudaiwa. Hilo ni suala la mlango wa chuo, si la kazi yenyewe.